Mmenyuko mmoja una majina matatu: niandike lipi?

Swali kutoka kwa Mshonaji Msomaji

Habari zenu walimu na wanafunzi wenzangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana ninashona nguo, na kemia ninaisoma usiku nikiwa na vitabu viwili vya kuazima na daftari la binamu yangu. Nimekwama kwenye aina za mimenyuko ya kikemia, na sasa ni wiki ya pili sijavuka sura hiyo.

Kitabu cha kwanza kinataja aina nne: mmenyuko wa kuungana, wa kutengana, wa kupokonyana nafasi na wa kubadilishana. Kitabu cha pili kinaongeza mwako, kubatilishana kwa tindikali na besi, kutokea kwa mashapo, na pia oksidishaji pamoja na ridaksheni, ambavyo kwa pamoja kinaviita redoksi. Nilidhani kazi yangu ni kuutazama mmenyuko na kuutia kwenye chungu chake, kama mtu anayechambua mchele na kuweka mawe upande mmoja na chuya upande mwingine. Kumbe sivyo. Nilipopewa mfano wa utepe wa magnesiamu unaowaka kwa mwanga mweupe mkali, 2Mg + O₂ → 2MgO, niliandika kwamba ni mwako. Katika kituo cha masomo ya jioni nilichokuwa nikihudhuria wakati huo, jibu langu lilikatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni pakaandikwa "kuungana". Mwezi uliofuata swali lile lile lilirudi, nami nikaandika "kuungana", likakatwa tena na kuandikwa "redoksi". Nilipouliza sababu nilielekezwa nikasome kitabu, na kitabu ndicho kilichonichanganya.

Naomba kuelezwa kama kati ya majina haya matatu kuna moja lililo sahihi kuliko mengine, na kama yote ni sahihi, kwa nini vitabu vinayapanga kana kwamba mmenyuko ukishaingia kundi moja umefungiwa humo. Nitashukuru pia nikipata mifano ya vitu ninavyoweza kuviona kwa macho, kwa sababu maabara sina.

Jibu la kwanza, kutoka kwa Mwalimu Mstaafu

Dada yangu, pole kwa hiyo kalamu nyekundu. Majibu yako yote mawili yalikuwa sahihi, na lile lililoandikwa na msahihishaji mara ya pili nalo ni sahihi. Kilichokosewa ni kuuliza swali bila kusema mmenyuko utazamwe kwa upande gani, na kosa hilo ni la mwulizaji, wala si la mwanafunzi.

Kwa kuwa wewe ni mshonaji, nitaanzia kwenye meza yako. Nguo ile ile iliyotundikwa ukutani, mmoja ataiita gauni, mwingine ataiita kitenge, wa tatu ataiita nguo ya harusi, na hakuna kati yao aliyekosea, kwa sababu wa kwanza ametazama mshono, wa pili ametazama kitambaa na wa tatu ametazama shughuli. Mtu akikuuliza "hii ni gauni au ni kitenge?" utamshangaa. Majina ya mimenyuko yako vivyo hivyo. Kitabu chako cha pili kimeyaweka kwenye orodha moja ilhali yanajibu maswali tofauti.

Swali la kwanza ni hili: vipande vimejipanga vipi upya? Hapa ndipo yanapotoka majina manne ya kitabu chako cha kwanza. Vitu viwili vikiwa kimoja, vimeungana. Kimoja kikiwa viwili au zaidi, kimetengana. Elementi iliyokuwa peke yake ikiingia ndani ya msombo, yaani kitu kilichoundwa na elementi tofauti zilizoshikana, na kuitoa nje elementi nyingine, imeipokonya nafasi. Misombo miwili ikipeana wenzi, imebadilishana. Ili kujibu swali hili huhitaji kujua lolote kuhusu elektroni. Unahesabu tu ni vitu vingapi vilivyoingia, vingapi vilivyotoka, na nani ameshikana na nani.

Swali la pili linaingia ndani zaidi: ni kitu gani hasa kilichohama? Elektroni zikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, huo ni redoksi: aliyepoteza elektroni ameoksidishwa, aliyezipokea amepata ridaksheni, na hawezi kuwapo mmoja bila mwenzake, kama vile hakuna muuzaji pasipo mnunuzi. Ikihama protoni, yaani ioni ya haidrojeni, tuko kwenye tindikali na besi. Wakati mwingine hazihami elektroni wala protoni, bali ioni zenye chaji zinazovutana zinakutana majini, zinashikana, na kitu kisichoyeyuka kinazama chini. Hayo ndiyo mashapo.

Mwako ni jina la namna nyingine kabisa, kwa sababu linaeleza tunachokiona na kukihisi: kitu kinamenyuka na oksijeni kwa kasi, kikitoa joto na mwanga.

Sasa urudi kwenye magnesiamu yako. Vitu viwili vimekuwa kimoja, kwa hiyo ni kuungana. Kila atomu ya magnesiamu imetoa elektroni 2 na kila atomu ya oksijeni imepokea 2, kwa hiyo ni redoksi. Imewaka kwa oksijeni, kwa hiyo ni mwako. Jivu jeupe linalobaki lina uzito mkubwa kuliko utepe ulioanza nao, kwani gramu 24 za magnesiamu huchukua gramu 16 za oksijeni na kuwa gramu 40 za magnesiamu oksaidi. Jambo hilo huwashangaza wengi, kwa maana tumezoea kuona kuni zikiisha na kubakiza jivu kidogo, tukasahau kwamba sehemu kubwa ya kuni imepaa angani ikiwa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji.

Kuna kipimo kimoja nilichowapa wanafunzi wangu kwa miaka mingi, nacho hakijawahi kuniangusha katika mimenyuko ya kiwango chenu. Tazama kama kuna elementi huru, isiyoshikana na elementi nyingine, upande mmoja wa mlinganyo, ambayo upande wa pili imo ndani ya msombo. Ikiwapo, huo ni redoksi bila shaka yoyote. Kwa kipimo hicho utaona mara moja kwamba mwako wote ni redoksi, na kupokonyana nafasi kote ni redoksi. Kubadilishana, kwa upande wake, si redoksi kamwe, maana kila ioni inaondoka na chaji yake ile ile iliyokuja nayo. Penye ugumu ni kuungana na kutengana, kwa sababu mara nyingine huwa redoksi na mara nyingine huwa sivyo, na hapo ndipo mtahini hodari hupenda kutega.

Jibu la pili, kutoka kwa Fundi Chokaa wa Unguja

Mwalimu ametaja kuungana na kutengana kusiko redoksi, nami nimeishi ndani ya mfano huo tangu utoto, kwa sababu babu yangu alikuwa mchomaji chokaa na mimi ninafanya kazi ya kukarabati nyumba za mawe. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe imetokana na mawe hayo hayo. Dada akielewa safari ya jiwe hilo atakuwa ameelewa nusu ya sura iliyomkwamisha.

Tanuu la babu halikuwa na ukuta. Magogo ya mnazi yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, kisha mawe yakarundikwa juu yake na moto ukatiwa katikati. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, nayo haiachii gesi yake kwa moto wa kupikia chai. Inahitaji joto linalokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, na linapaswa kudumu hadi lifike kwenye kiini cha jiwe. Mlinganyo wake ni CaCO₃ → CaO + CO₂. Kimoja kimekuwa viwili: ni kutengana. Kilo 100 za jiwe safi lililoungua sawasawa hubaki kilo 56, kwa sababu kilo 44 zimeondoka zikiwa kaboni dioksaidi. Babu hakujua hesabu hiyo, lakini aliijua kwa mkono: alikuwa akiokota jiwe lililopoa, akilipima kiganjani, na kama bado lilikuwa zito kwa ukubwa wake alilitupa kando akisema kiini chake hakijaiva. Jiwe lililoiva lilikuwa na umbo lile lile, na hata alama za matumbawe zilionekana, ila lilikuwa jepesi na likigongwa lilitoa sauti kavu.

Baada ya hapo chokaa inazimwa. Jiwe lililoungua linawekwa kwenye karai na kumwagiwa maji, na kwa muda mfupi halifanyi kitu, utadhani limekufa. Kisha linaanza kunong'ona, linapasuka nyufa, linatoa mvuke, linavimba na kubomoka lenyewe kuwa unga mweupe laini, na karai linakuwa la moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu. CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Viwili vimekuwa kimoja: ni kuungana, na joto lile linatoka kwenye mmenyuko wenyewe, kwani hakuna moto uliowashwa. Kilo 56 zimechukua kilo 18 za maji na kuwa kilo 74, ingawa fundi humwaga maji mengi zaidi ya hayo kwa kuwa mengine hupotea kama mvuke. Tafadhali usilijaribu hili nyumbani kwenye watoto. Tone la chokaa inayochemka likiingia jichoni linaweza kupofusha, na chokaa isiyozimwa ikifungiwa na maji kwenye chombo chenye kifuniko inaweza kukipasua.

Hatua ya tatu inatokea ukutani, polepole, wakati fundi amekwishaondoka. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na mchanga, hupigwa kama lipu, na kuanzia hapo hunywa kaboni dioksaidi kutoka hewani: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Zile kilo 74 zinachukua kilo 44 za gesi, zinaachia kilo 18 za maji, na ukutani zinabaki kilo 100 za kalsiamu kabonati, uzito ule ule tulioanza nao kwenye tanuu. Chokaa imerudi kuwa jiwe. Lipu hukomaa kuanzia nje kwenda ndani, kwa sababu hewa inaingia kutoka nje, na huhitaji unyevu kidogo, ndiyo maana tunaurashia maji ukuta mpya na kuufunika usipigwe na jua kali. Vilevile ndiyo maana wazee waliiweka chokaa iliyozimwa kwenye shimo kwa miezi mingi ikiwa imefunikwa na maji: maji yalikuwa yakiizuia hewa isiifikie kabla ya wakati wake.

Sasa tumia kipimo cha mwalimu. Tafuta elementi huru katika milinganyo hii mitatu, haimo. Kalsiamu imebaki na chaji ya +2 tangu kwenye jiwe hadi ukutani, kaboni imebaki na namba ya oksidishaji +4 (yaani chaji ambayo atomu ingekuwa nayo kama elektroni za kila kishikizo zingehesabiwa kuwa za elementi inayozivuta zaidi), oksijeni imebaki na −2. Kumekuwa na kutengana, kumekuwa na kuungana, na hakuna hata elektroni moja iliyobadilisha mwenyewe. Lakini chini ya mawe, magogo ya mnazi yanawaka, na huo ni redoksi mkubwa kabisa. Katika tanuu moja, usiku mmoja, kuni zinafanya redoksi inayotoa joto na jiwe lililo juu yake linafanya mtengano usio redoksi unaomeza joto hilo hilo. Siku nilipolielewa hilo nilitamani babu angekuwa hai nimweleze.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mkulima wa Kahawa

Nimefurahi fundi ameleta chokaa, kwa sababu huku kwetu mlimani chokaa hiyo inakutana na mrututu kwenye ndoo moja, na ndoo hiyo ina mimenyuko miwili ambayo dada ameitaja.

Mrututu ni kopa salfeti, yale mawe ya bluu yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ukiuyeyusha mrututu kwenye maji na kuuchanganya na maziwa ya chokaa iliyozimwa, unapata dawa ya ukungu iliyopewa jina la mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, ambako Pierre-Marie-Alexis Millardet alitangaza matumizi yake kwenye mizabibu mwaka 1885. Dawa za shaba za namna hii zimetumika sana kwenye mikahawa dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. (Kutu ya majani, kwa faida ya wanafunzi, ni ukungu unaoitwa hivyo kwa rangi yake tu, hauna uhusiano wowote na kutu ya bati.) Kipimo kinachojulikana ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa na maji lita 100. Mrututu unayeyushwa kwenye chombo chake na chokaa kwenye chombo chake, ndipo vinachanganywa huku unakoroga. Bluu ya mrututu, ambayo ni angavu na unaweza kuona chini ya ndoo, inageuka ghafla kuwa zito kama uji wenye rangi ya anga. Kwa mlinganyo uliorahisishwa ni CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄. Misombo miwili imepeana wenzi, na shaba imeshuka kuwa mashapo. Ni kubadilishana, na mashapo hayo ndiyo yanayong'ang'ania kwenye jani na kuachia shaba kidogo kidogo.

Jambo ninalotaka dada alione ni kipimo cha msumari. Mzee aliyenifundisha kupulizia hakuanza kazi kabla ya kuchovya msumari mpya, uliosuguliwa ukang'aa, ndani ya ndoo kwa dakika moja hivi. Msumari ukitoka na utando mwekundu wa shaba, alisema dawa bado kali, ikipuliziwa itaunguza majani, akaongeza chokaa na kupima tena. Msumari ukitoka vile vile ulivyoingia, tunapakia pampu. Utando ule ni mmenyuko wa kupokonyana nafasi, Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu. Chuma kinatoa elektroni 2, ioni ya shaba inazipokea, shaba inageuka kuwa metali na kutulia juu ya msumari, na chuma kinaingia majini badala yake. Kama chokaa inatosha, shaba imekwishafungwa ndani ya mashapo na haimo tena kwenye maji kwa wingi wa kupokonywa, kwa hiyo msumari unabaki safi. Mmenyuko wa pili unatumika kuukagua ule wa kwanza! Kwa sababu hiyo hiyo mrututu hauyeyushwi kwenye debe la bati wala ndoo ya chuma. Utatoboa chombo na kuiharibu dawa. Tumieni plastiki au mbao, na mkumbuke kwamba mrututu ni sumu.

Jibu la nne, kutoka kwa Mwaka wa Pili

Ninasoma kemia chuoni, na ninaona wote mmeeleza vizuri. Ningependa kumwongezea dada njia ya mkato kwa ajili ya mtihani: kuungana siku zote hutoa joto, na kutengana siku zote humeza joto, kama fundi alivyoonyesha kwa kuzima na kuchoma chokaa. Akikumbuka hivyo hatapata shida kwenye maswali ya nishati.

Mwalimu Mstaafu anamjibu Mwaka wa Pili

Mwanangu, nia yako ni njema, ila ondoa neno "siku zote". Kuvunja kishikizo chochote baina ya atomu kunahitaji nishati, na kufunga kishikizo kipya kunatoa nishati. Joto tunalolihisi ni tofauti ya hesabu hizo mbili. Mtengano unaovunja vishikizo imara na kufunga vilivyo dhaifu utameza joto, kama jiwe la chokaa. Lakini mtengano unaovunja vishikizo dhaifu na kufunga imara utalitoa.

Mfano wake unauzwa duka la dawa. Haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 3, ikimwagwa kwenye glasi na kutiwa kipande cha kiazi kibichi, inatoa povu papo hapo: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂. Huo ni mtengano usio na shaka, nao hutoa joto, kiasi cha kilojuli 98 hivi kwa kila moli, yaani gramu 34, ya peroksaidi. Kiazi hakiliwi na mmenyuko. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoitwa katalesi ambacho kinaharakisha tu kazi, yaani ni kichocheo. Upande wa pili, naitrojeni na oksijeni za hewa zinapoungana kuwa naitriki oksaidi ndani ya radi au injini ya gari, muungano huo humeza joto, na ni bahati yetu kubwa kwamba uko hivyo, la sivyo anga lote lingekuwa tayari kushika moto.

Dada, chukua peroksaidi hiyo hiyo uitumie kwa jambo lingine. Oksijeni ndani yake ina namba ya oksidishaji −1. Baada ya mtengano, sehemu moja imekuwa −2 ndani ya maji, na sehemu nyingine imekuwa 0 katika gesi ya oksijeni. Elementi moja imeoksidishwa na kupata ridaksheni katika mmenyuko mmoja. Linganisha na jiwe la fundi: yote mawili ni mitengano, moja ni redoksi na lingine si redoksi.

Mwaka wa Pili

Nimepokea marekebisho, mwalimu. Nilikariri hivyo tangu sekondari na sikuwahi kulijaribu kwa mfano unaokataa.

Mshonaji Msomaji anarudi

Asanteni sana, nimesoma majibu yenu mara tatu. Jana usiku nilichukua magadi ya kupikia maharage, nikakamulia ndimu juu yake. Yalichemka kwa povu na kelele, na bakuli halikupata joto la kusema. Nimejaribu kuyachambua mwenyewe na ninaomba mnikosoe.

Nimeona kwenye kitabu kwamba magadi yana kabonati na baikabonati ya sodiamu. Ndimu ina tindikali ya sitriki. Nikitazama vipande, nadhani sodiamu imeondoka kwenda kwa tindikali na haidrojeni imekwenda kwa kabonati, kwa hiyo ni kubadilishana. Lakini gesi iliyotoka ni kaboni dioksaidi, na sioni inatokaje kwenye kubadilishana peke yake, kwa kuwa nilitegemea vitu viwili na nimepata vitatu: chumvi, maji na gesi. Elementi huru sijaiona, kwa hiyo nimeandika kwamba si redoksi. Je, huu ni mmenyuko mmoja au miwili?

Swali langu la mwisho ni la kazini. Sindano za cherehani nikiziacha kwenye kopo lililo wazi zinashika kutu baada ya muda mfupi, kwa sababu tunaishi karibu na bahari. Binamu yangu anasema kutu ni mwako wa polepole. Ni sahihi kuandika hivyo?

Mwalimu Mstaafu

Umechambua vizuri, na swali la vitu vitatu ndilo lililonifurahisha, kwa sababu umelipata kwa kuhesabu. Ni mimenyuko miwili inayofuatana kwa haraka. Kwanza protoni za tindikali zinahamia kwenye kabonati, na zao lake ni tindikali ya kaboni, H₂CO₃. Hapo una kubadilishana kwa mpangilio wa vipande, na una tindikali na besi kwa kitu kilichohama. Kisha tindikali ya kaboni, ambayo haidumu, inatengana kuwa maji na kaboni dioksaidi, na povu ulilolisikia ni la hatua hii ya pili. Kaboni ilikuwa +4 kwenye magadi na imebaki +4 kwenye gesi, kwa hiyo uko sawa, si redoksi. Fundi alipata gesi hiyo hiyo kutoka kwenye kabonati kwa kuitesa kwa moto wa nyuzi 900. Wewe umeipata kwa ndimu moja.

Kuhusu sindano, binamu yako amekaribia, ila mtihanini usiandike mwako, kwa sababu mwako unataka kasi, joto linalohisika na mwanga. Kutu ni redoksi: chuma kinatoa elektroni, oksijeni inazipokea, na lazima maji yawepo, ndiyo maana zao lake ni oksaidi ya chuma iliyoshikana na maji. Chumvi ya bahari haiwi sehemu ya kutu. Inachofanya ni kuyawezesha maji yaliyo juu ya chuma kupitisha ioni kwa wepesi, na hivyo kutu inakwenda mbio. Paka sindano mafuta ya cherehani uzifunge kwenye kitambaa, utakuwa umeondoa maji na oksijeni kwa pamoja. Bati la kuezekea linalindwa kwa njia nyingine: limepakwa zinki, na zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo hata likikwaruzwa kidogo zinki inaliwa kwanza na chuma kinasalia. Ni mashindano yale yale ya msumari na mrututu, ila hapa chuma ndicho kinachotetewa.

Katika mtihani, swali likikuuliza aina bila kusema upande, andika jina pamoja na sababu yake katika sentensi moja: "Ni mmenyuko wa kuungana kwa kuwa vitu viwili vimetoa kimoja, pia ni redoksi kwa kuwa magnesiamu imepoteza elektroni na oksijeni imezipokea." Msahihishaji akikata jibu lenye sababu sahihi, una haki ya kumwomba akuonyeshe kosa.

Fundi Chokaa wa Unguja

Dada, kama unataka jaribio moja zaidi lisilo na hatari kubwa, chukua kijiko cha chokaa iliyokwishazimwa, koroga kwenye chupa ya maji, acha itulie hadi kesho, kisha mimina taratibu yale maji angavu ya juu kwenye glasi. Puliza pumzi yako ndani yake kwa mrija, ukiwa mwangalifu usiyavute mdomoni. Yatakuwa meupe kama maziwa: ni lipu ile ile inayokomaa, ila imetokea mbele ya macho yako kwa dakika moja badala ya miezi. Ukiendelea kupuliza kwa muda mrefu weupe utapungua na maji yataanza kuwa angavu tena, kwa sababu kaboni dioksaidi iliyozidi inaungana na maji na kabonati kuwa baikabonati inayoyeyuka, CaCO₃ + H₂O + CO₂ → Ca(HCO₃)₂. Kisha yachemshe maji hayo na utazame weupe ukirudi chini ya sufuria. Uniandikie hapa umeupa kila mmenyuko jina gani.